Mnyama Aliyeitwa Majina Matatu

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mnyama wa baharini aliyetoweka zaidi ya miaka milioni 410 iliyopita. Enzi zake hakukuwa bado na mnyama mwenye uti wa mgongo aliyekanyaga nchi kavu, na misitu ilikuwa haijaota popote duniani. Wataalamu wa visukuku humwita Scyphocrinites. Habari yake ina jambo moja linalonishughulisha sana. Sehemu zote za mwili wake zilikuwa zimekwisha kuokotwa, kuchorwa na kuwekwa makumbushoni, na bado, tangu kichwa kuandikwa, ikapita miaka zaidi ya 80 kabla haijaelezwa kwa kirefu kwamba kichwa kile na mkia ule ni vya mnyama mmoja. Kichwa kilipewa jina lake. Mkia ukapewa mawili. Na waliotoa majina hayo walikuwa watu makini, mabingwa wa kazi hiyo.

Tuanze na ukoo wenyewe. Aliyekulia pwani anamjua kiti cha pweza, na anamjua jongoo bahari. Hawa wawili, pamoja na yule wa miiba mirefu anayechoma nyayo za wapita miambani, wamo katika faila moja iitwayo Ekinodermata. Humo humo wamo krinoidi, wanaoitwa pia mayungiyungi ya bahari, kwa kuwa wengi wao wana umbo la ua: bua chini, kikombe juu yake, na mikono iliyochanua pande zote. Umbo ni la ua, lakini ni wanyama kamili, wana mdomo, wana utumbo, wana njia ya kutolea uchafu. Spishi zilizo hai leo ni takribani 600. Zenye bua huishi vilindini, mbali na nyavu za wavuvi wetu. Zisizo na bua zimo hata katika matumbawe ya pwani hii ya Afrika Mashariki, na mzamiaji mwenye tochi huziona usiku zimekunjua mikono yake yenye manyoya, zinakinga chembe za chakula zinazoletwa na mkondo.

Hao walio hai ni mabaki tu ya ukoo uliokuwa mkubwa mno. Krinoidi walianza kuonekana miaka ipatayo milioni 480 iliyopita, na kuna nyakati walijaa baharini kiasi kwamba matabaka mazima ya chokaa yamejengwa kwa vipande vya miili yao. Miaka milioni 252 iliyopita, ulipomalizika ule muhula uitwao Permi, karibu wote wakafa. Kundi la Scyphocrinites, ambalo nitalieleza hivi punde, halikuacha mzao hata mmoja aliyevuka janga hilo.

Sasa mwili. Nawaomba mnivumilie hapa, maana bila kuuelewa mwili hatutaelewa ugomvi wa majina.

Mifupa ya krinoidi ni vibamba vidogo vidogo vya kalsaiti, madini yale yale yanayofanya mawe ya chokaa. Akiwa hai, kila kibamba kina vitundu vingi ndani, na nyama hai inapita katika vitundu hivyo. Kwa hiyo kibamba cha mnyama hai ni chepesi kuliko tunavyodhani tukishika kisukuku chake. Akifa na kufukiwa, kalsaiti nyingine huingia ikajaza vitundu, na kibamba kizima kikawa kama fuwele moja. Ukikivunja, kinapasuka kwa uso bapa unaong'aa juani. Mtafiti aliyeko porini huutambua mng'ao huo mara moja, hata kabla hajapiga magoti.

Bua ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ina tundu katikati. Katika Scyphocrinites pingili hizo ni za mviringo, na bua lenyewe huzidi urefu wa mita moja. Juu ya bua kinakaa kikombe, na kikombe ndicho kitambulisho cha krinoidi yeyote. Humo mna vibamba vitano vinavyobeba mikono, kwa kuwa ekinodermata kwa kawaida hujengwa kwa hesabu ya tano. Viiteni vibamba vya mikono. Sasa shukeni kutoka hapo kuelekea kwenye bua, mkihesabu duara za vibamba mnazozipita. Wapo krinoidi wenye duara mbili, na wapo wenye duara moja tu. Scyphocrinites ana moja.

Hesabu hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Mwaka 1885 Wamarekani wawili, Charles Wachsmuth na Frank Springer, walilitenga kundi waliloliita Kamerata. Hawa ni krinoidi ambao kikombe chao kimefungwa imara, vibamba vimeshikana bila kulegea. Sehemu za chini za mikono zimejengwa ndani ya ukuta wa kikombe, na nafasi iliyobaki kati ya mkono na mkono imezibwa kwa vibamba vingine vidogo. Juu kuna paa gumu, na mdomo umejificha chini ya paa hilo. Chakula hufika mdomoni kwa kupita katika mifereji inayoanzia kwenye mikono. Kisha mwaka 1943 Raymond Moore na Lowell Laudon wakaligawa kundi hilo kwa hesabu ile ile ya duara: wenye duara moja wakawekwa katika oda ya Monobathrida, wenye mbili wakawekwa katika Diplobathrida. Kabla ya hapo, mwaka 1918, Mjerumani Otto Jaekel alikuwa amekwisha kumpa mnyama wetu familia yake mwenyewe, Scyphocrinitidae. Basi anwani yake imekamilika: faila Ekinodermata, krinoidi wa kundi la Kamerata, oda Monobathrida, familia Scyphocrinitidae, jenasi Scyphocrinites.

Kikombe chake ni kikubwa na kirefu, kimejengwa kwa vibamba vingi mno, na juu ya vibamba kuna matuta membamba yanayotoka katikati na kusambaa hadi kingoni, yakikutana na matuta ya kibamba jirani. Ukikitazama katika jiwe lililosafishwa vizuri, unaona nyota zilizoshikana mikono. Kutoka hapo mikono inagawanyika na kugawanyika tena, na kila tawi limeota vijimanyoya pande mbili, vya kunasia chakula. Sijaona krinoidi wa kale anayempita huyu kwa uzuri, na nasema hivyo nikiwa nimetazama picha za wengi.

Jonathan Carl Zenker, mtaalamu wa viumbe wa mji wa Jena, Ujerumani, ndiye aliyemwandika. Mwaka 1833 alikieleza kikombe kilichotoka Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, akakipa jina Scyphocrinites elegans. Hapo baadaye waandishi wengi walifupisha wakaandika Scyphocrinus, lakini kanuni za majina ya wanyama zinataka tahajia ya mwandishi wa kwanza iheshimiwe, kwa hiyo leo tumerudi kwenye ile ya Zenker.

Kule kule Bohemia, katika matabaka yale yale, yakawa yanaokotwa mawe mengine ya ajabu. Yalikuwa ya duara, yana mapande yaliyovimba nje, na ndani yamegawanywa vyumba kwa kuta nyembamba. Makubwa yanafikia kipenyo cha sentimita 20. Joachim Barrande, mhandisi Mfaransa aliyehamia Prague na kuutumia sehemu kubwa ya umri wake kuchunguza visukuku vya Bohemia, aliyaita Lobolithus. Kule Marekani, James Hall, mtaalamu wa visukuku wa jimbo la New York, alipata mawe ya namna hiyo hiyo katika jimbo lake na katika Tennessee. Mwaka 1879 akayatangaza kuwa jenasi mpya, Camarocrinus. Hall aliona wazi kwamba ni sehemu ya krinoidi, maana kuta zilikuwa za vibamba vya kalsaiti na mahali pamoja palikuwa na kola ambamo bua lilishikizwa. Asichokiona ni kikombe. Popote yalipolala mawe yale, vikombe havikuwapo karibu.

Mtu anaweza kuuliza, ilikuwaje? Jibu limo katika namna krinoidi anavyokufa. Nyama inayoshikilia vibamba huoza upesi, na mwili unasambaratika kuwa mamia ya vipande. Ili kichwa, bua na mkia vibaki pamoja, lazima mnyama azikwe haraka, pengine kwa tope la siku moja. Bahati hiyo ni adimu. Watafiti wengi huona pingili huku, vibamba kule, na wanalazimika kuita kila kitu kwa jina lake hadi ushahidi utakapopatikana. Kwa hiyo simlaumu Hall hata kidogo. Jina alilotoa lilikuwa la kweli kwa kile alichokuwa nacho mezani.

Mawazo ya kuunganisha vipande hivi yalikwisha kusikika mapema, lakini aliyeibeba kazi hiyo kwa uzito wake ni yule yule Frank Springer niliyemtaja. Springer alikuwa mwanasheria wa New Mexico, na krinoidi alijifunza kwa mapenzi yake, akakusanya mkusanyiko mkubwa ambao hatimaye aliukabidhi kwa makumbusho ya taifa ya Marekani, Smithsonian, mjini Washington. Mikononi mwake zilifika pia sampuli nzuri kutoka Cape Girardeau, Missouri, karibu na mto Mississippi. Mwaka 1917 akachapisha kitabu ambacho kichwa chake tu kinatosha kueleza hoja yote: kinamtaja Scyphocrinus na mzizi wake wenye tungule, Camarocrinus. Kichwa na mkia vikawa vimekutana ndani ya jalada moja.

Kwa sheria za majina, mambo yalipaswa kuishia hapo. Jina la 1833 ni kongwe kuliko la 1879, na likithibitika kuwa la mnyama yule yule, la mdogo linamezwa. Lakini mwili haufuati sheria zetu. Katika familia hii kuna jenasi nyingine, kama Carolicrinus na Marhoumacrinus, nazo zina mikia ya aina hiyo. Ukiokota mkia peke yake shambani Oklahoma, bila kikombe, huwezi kuapa kwamba ni wa Scyphocrinites. Ndiyo maana jina Camarocrinus halijafa. Bado hutumika kwa mikia iliyookotwa yenyewe. Mimi naona ni sawa kabisa libaki. Jina linalokiri kwamba kikombe hakijapatikana ni bora kuliko jina kubwa la kubahatisha.

Tuje sasa kwenye swali linalonivuta zaidi. Ule mkia ulikuwa na kazi gani?

Springer aliuita mzizi, na kuna hoja ya kuuita hivyo. Krinoidi wa kawaida anashikilia sakafu ya bahari kwa ncha ya chini ya bua, na lobolithi, kama tunavyoyaita mawe haya leo, imekaa hasa pale ambapo mzizi ungekuwa. Hata ukuta wake unaonyesha asili hiyo, kwa sababu katika aina fulani unaonekana umefanyika kwa vijitawi vya mzizi vilivyogawanyika, vikajikunja, vikaungana hadi kuzingira nafasi tupu ndani. Mwenye kuamini mzizi atasema basi kwamba tungule hili lilizama katika tope laini la sakafu, likampa mnyama mrefu mahali pa kusimama.

Wengine waliona kinyume chake. Charles Schuchert mwaka 1904 alitetea kwamba tungule lilikuwa chombo cha kuelea. Mwaka 1972 Mjerumani Reimund Haude akalichunguza kwa undani umbo na kazi ya lobolithi, na mwaka 1992 akatoa kazi nyingine ndefu ambayo katika kichwa chake anawaita moja kwa moja mayungiyungi ya bahari yenye boya. Kwa maoni haya, vyumba vilijaa gesi, boya likaelea juu, bua likaning'inia chini yake, na kichwa na mikono yake kikawa kimeelekea chini, kinakokotwa na mkondo kikinasa chakula kama wavu unaovutwa. Adolf Seilacher na Rolf Bernhard Hauff wakaiunga mkono picha hiyo mwaka 2004.

Mimi niko upande wa boya, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza, jinsi yanavyolala. Lobolithi zimeripotiwa mara nyingi zikiwa zimelala kola chini, yaani upande wa bua ndio ulioelekea ardhini. Kama ungekuwa mzizi uliozama topeni, bua lingetoka kwa juu, na kola tungeikuta juu. Atakayesema kwamba mawimbi yaliyapindua hana budi kueleza kwa nini mengi yalipinduka upande mmoja.

Pili, umbali. Scyphocrinites na nduguze wamepatikana Bohemia, Moroko, Algeria, Missouri, Tennessee, Oklahoma, hata Uchina. Mnyama aliyejifunga sakafuni hasafiri hivyo kwa urahisi. Na muda wenyewe ni mfupi mno, kwani familia hii imejaa katika matabaka ya mwisho kabisa wa kipindi cha Siluri na mwanzo wa Devoni, kisha ikatoweka. Kuenea dunia nzima katika kipindi kifupi namna hiyo ni tabia ya kiumbe anayebebwa na maji.

Tatu, kutengana kwa sehemu. Kama boya liliendelea kuelea baada ya mnyama kufa, bua likakatika na kichwa kikazama, basi mahali pa vichwa pasingekuwa mahali pa maboya. Hall alipata maboya bila vikombe. Swali lililomsumbua Hall linageuka kuwa ushahidi.

Pingamizi zipo, na nzito kuliko zote ni ya uzani. Kalsaiti ni nzito, mchemraba wa sentimita moja una gramu 2.7, wakati maji ya bahari yana gramu 1.03. Tujaribu hesabu. Tungule la kipenyo cha sentimita 20 lina ujazo wa lita nne na kidogo, kwa hiyo linasukuma maji ya zaidi ya kilo nne. Kilo hizo nne ndizo zote zilizopo za kubeba kuta zake lenyewe, bua la zaidi ya mita, kikombe na mikono. Ila kumbukeni vile vitundu: vibamba vya mnyama hai vilikuwa na nyama nusunusu, na nyama haina uzito wa jiwe. Kumbukeni pia kwamba hata kalsaiti tupu, ikiwa majini, hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Hesabu inaweza kutosha, lakini inabana, na inategemea sana unene wa ukuta. Kisha liko suala la gesi yenyewe, kwa sababu hakuna krinoidi aliye hai leo mwenye boya la gesi tunayeweza kumchunguza tukajua kama tunakisia vibaya au vizuri. Hapo ndipo walio upande wa mzizi wanaposimama, na wana haki ya kusimama.

Faida moja ya mnyama huyu haina ubishi. Mwaka 1972, kwenye mkutano wa kimataifa wa wanajiolojia mjini Montreal, walikubaliana mahali pa kuweka mpaka kati ya Siluri na Devoni. Walichagua kilima cha Klonk, karibu na kijiji cha Suchomasty kusini magharibi mwa Prague. Ulikuwa mpaka wa kwanza kuwekwa kwa utaratibu huo wa kimataifa, na leo unakadiriwa kuwa wa miaka milioni 419 iliyopita. Alama kuu pale ni kiumbe mdogo mwingine, graptoliti, lakini matabaka yenye Scyphocrinites yako palepale mpakani. Mwanajiolojia akizikuta nyota zile kwenye mwamba wa Moroko, anajua yuko karibu na mlango wa Devoni kabla hajatoa kifaa chochote mkobani.

Moroko. Hapa nina la moyoni. Eneo la Tafilalt, kusini mashariki mwa nchi hiyo, karibu na mji wa Erfoud, ndilo linalotoa Scyphocrinites wengi wanaouzwa duniani leo. Wachimbaji hufuata tabaka kwa mitaro mirefu, kwa sururu na nyundo, juani, kazi ngumu inayolisha familia nyingi. Mawe husafishwa mjini, na mabamba makubwa yenye vichwa vingi huishia kwenye kuta za nyumba za matajiri na za makumbusho Ulaya, Marekani na Asia. Sina ugomvi na riziki ya mchimbaji. Kinachoniuma ni kwamba bamba likifika sokoni halina tena habari ya tabaka lililotoka. Mengine yameunganishwa kwa vipande vya mitaro tofauti, mengine mikono iliyokosekana imechongwa na kupakwa rangi ili mnunuzi afurahi. Bamba la namna hiyo ni zuri kutazama, lakini kwa swali letu la boya na mzizi halina neno la kusema.

Na Tafilalt ina nafasi ambayo Bohemia ya Barrande na New York ya Hall hazikuwa nayo: vichwa, mabua na maboya kwa wingi, katika nchi kame ambapo miamba iko wazi na tabaka linafuatika kwa macho. Vyuo vikuu vya Moroko vina wanajiolojia wanaolijua eneo hilo vizuri. Kuna mambo matatu tu ya kuandika kabla ya jiwe kung'olewa: mtaro gani, tabaka gani, na upande upi ulikuwa juu. Alama ya chaki kwenye upande wa juu wa kila lobolithi haimpunguzii mchimbaji hata dirhamu moja, na mnunuzi anayelipa fedha nyingi ana uwezo wa kuidai. Zikikusanywa alama za kutosha kutoka kwenye tabaka moja, itajulikana ni kola ngapi zilitazama chini na ngapi zilitazama juu, na hoja yangu ya kwanza itasimama au itaanguka kwa hesabu.